Jirani Aliyenusa Chupa

Pombe yake sijawahi kuionja, kwa hiyo mtu asiniulize kama ilikuwa tamu. Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa Tinde, nimekulia nyumba isiyoingia kilevi, na miaka yote niliyopakana naye kule machimboni sikuchovya hata ulimi. Lakini chupa zake nazijua. Nilizisikia kila asubuhi zikigongana kwenye pipa kabla sijawasha jiko la chai, nikaziona zimepangwa kichwa chini juani, na vigae vyake viliwahi kunichana kandambili. Kama kuna mtu wa kueleza habari za yule mama kwa chupa peke yake, ni mimi.

Alikuwa mpika wanzuki, ile pombe ya asali. Makazi yetu yalikuwa ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita, vibanda vya miti na mabati vilivyoota pale dhahabu ilipoonekana. Mimi nilikuwa na mgahawa, yeye alikuwa na kibaraza chenye mabenchi, na katikati yetu uwanja mmoja wenye bomba moja. Wapika pombe walikuwa wengi, ila wenzake wote waliuza kwa kata kutoka kwenye ndoo. Yeye aliitia kwenye chupa za bia zilizokwisha kutumika, zile za kahawia, akaziba kwa gunzi la hindi alilolichonga mwenyewe. Wachimbaji walipenda hivyo, kwa kuwa chupa mtu anaondoka nayo. Shida ni kwamba chupa iliyoondoka hujui imelala wapi mpaka irudi.

Sasa hapo ndipo pua yake ilipoingia kazini.

Alikaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, chupa zilizorudishwa zimerundikwa mkono wa kushoto. Aliichukua moja moja, akabana tundu moja la pua kwa kidole gumba, akaisogeza shingo ya chupa karibu kabisa na tundu la pili, akavuta. Uso wake haukubadilika. Halafu alitoa hukumu. "Hii ililala na mafuta ya taa." "Hii ilitiwa dawa ya pamba." Kiswahili chake hakikuwa na r, kama wazee wengi wa Kisukuma, kwa hiyo hukumu mbaya kuliko zote ilikuwa moja: "Ina halufu." Akishasema hivyo, hata ungelia machozi, chupa haikurudi kundini.

Siku moja alinusa, akainua macho, akamtazama kijana mmoja wa duarani, yaani wa kwenye shimo la dhahabu.

"Wewe ulikojoa humu."

"Mama, mimi?"

"Ulikuwa chini, ukaona uvivu kupanda. Ukakojoa kwenye chupa yangu."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Kijana alikana kwa muda, kisha akauliza, kwa heshima kabisa, alijuaje kuwa ni yeye. "Wengine wamecheka kabla yako," alimjibu.

Chupa ya mafuta ya taa aliweza kuisamehe, akailoweka peke yake siku kadhaa kwenye maji ya majivu. Iliyowahi kutiwa dawa ya shambani aliivunja papo hapo kwa nyundo, vigae akavitupa kwenye choo cha zamani kilichokuwa kikifukiwa. Watu walimlaumu kwamba anaharibu mali. Chupa kule hazikuwa nyingi, na hata iliyonuka ungeweza kuiuza kwa mtu asiyejali. Alisema asiyejali ndiye huyo huyo atakayeijaza kesho wanzuki ya kumpa mwenziwe, na mnywaji hatajua. Hapo nilimheshimu. Kandambili zangu, basi, zilikuwa sadaka.

Kuosha kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake, na hakutaka kuharakishwa. Kwanza kuloweka. Kisha kila chupa ilitiwa kokoto ndogo na maji kidogo, ikatikiswa mpaka uchafu wa chini ukabanduka. Mlio wake ulikuwa kama kayamba, na wateja wangu wa chai wakaniuliza kuna ngoma gani asubuhi yote hii. Baada ya hapo chupa zililazwa kwenye pipa lililokatwa nusu, majani makavu chini yake zisigongane, maji baridi yakajazwa juu, ndipo moto ukawashwa polepole. Ukitia chupa baridi kwenye maji yanayochemka inapasuka, na yeye alichukia kupoteza chupa njema kwa ujinga. Mwisho zilipangwa kichwa chini kwenye kichanja cha miti, kila shingo kwenye mti wake, zikajichuja na kukauka juani. Magunzi nayo yalichemshwa, kwenye sufuria yake.

Sabuni hakuitumia hata kidogo. Tuligombana sana juu ya sabuni. Alikuja mgahawani, akaomba maji, akanusa glasi, akairudisha mezani bila kunywa.

"Mama Salma, wateja wako wanakunywa povu."

"Huo ni usafi, mama."

"Ni halufu."

Nilikasirika, maana alisema mbele ya watu wanaokula. Na hilo ndilo lilikuwa jambo lake, wacha niliseme sasa maana mbele litatuhusu. Yule mama lawama alizitoa kibarazani, kwa sauti, kila mwenye masikio asikie. Sifa alizileta kwa siri, tena kwa mtu asiyehusika. Wali wangu aliusema hadharani kwamba una mawe. Kumbe, niliambiwa baadaye, aliwaelekeza madereva wote wa malori waje kula kwangu kwa sababu kwingine hakuna mtu anayepika nazi vile. Mimi hakuniambia hata siku moja.

Alikuwa na mengine ya kushangaza. Mtu aliyechemsha magunzi, vikombe vyake vya chai vilikuwa na duara za kahawia zilizokauka tangu sijui lini, na miguu yake ilikuwa na vumbi kutoka asubuhi mpaka anapolala. Alifagia chini ya kichanja mara nyingi, lakini mlangoni kwake kuku walijisaidia wakiwa na amani. Nilipomtania alijibu kwamba miguu yake haijauzwa kwa mtu. Na yeye mwenyewe hakunywea chupa. Jioni alijimiminia wanzuki kwenye kibuyu kidogo alichokifukiza moshi mwenyewe, kama wafugaji wanavyofanya vibuyu vya maziwa, akanywa kidogo akiwa ameegemea nguzo. Nilimuuliza kwa nini anauza kwa chupa kitu ambacho yeye hakinywi kwa chupa. Akasema chupa imepita mikononi mwa watu, na watu anawajua.

Mwezi wa Ramadhani alihamisha pipa upande wa nyuma na kusogeza mabenchi mbali na mlango wangu. Hakuniuliza wala sikumwomba. Asubuhi ya kwanza nilikuta uwanja mtupu, na nilipomshukuru alinijibu kwamba upande wa nyuma kuna upepo mzuri. Siku ya Idi nilimpelekea sahani ya pilau. Aliinusa, bila shaka. Akaila yote.

Aliishi na mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi duarani, na mkamwana wake, binti wa kutoka Ushetu, kwa watu wanaorina asali. Mumewe, aliyekuwa akichenjua dhahabu, yaani kuitenga na mchanga, alikuwa amekwisha kufariki nilipohamia pale. Mkamwana ndiye aliyebeba kazi kubwa ya chupa, mtoto mgongoni, mikono imechunika kwa maji ya majivu. Alijifunza kila kitu haraka: kuloweka, kutikisa, kupanga majani kwenye pipa, kuchonga gunzi likae sawasawa. Alifundishwa yote isipokuwa kunusa. Kunusa kulikuwa kwa mama mkwe peke yake. Chupa ilinuswa kabla ya kuoshwa na ikanuswa tena baada ya kuoshwa, na katikati ndipo mkamwana alipokuwa na mamlaka.

Binti naye alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kuzikabidhi aliinua kila chupa juu, akaielekeza kwenye jua, akafumba jicho moja, akachungulia kupitia mdomoni mpaka chini. Mama mkwe alimcheka. "Kioo cha kahawia utaona nini humo? Jicho linadanganywa. Kisichonuka ni kisafi." Huo ndio ulikuwa msimamo wake wote wa maisha, na aliurudia kila siku. Binti alicheka kidogo, akaendelea kuchungulia.

Yule mama alimpenda. Nalisema hili kwa sababu wengi waliosikia habari hii husema alimchukia. Alikuja kwangu jikoni, nikichambua mchele, akasema chini chini kama anayenong'ona habari za mgonjwa: "Huyu mtoto ana mkono. Hata mama yangu hakuwa na mkono kama huu." Mara nyingine alisema angemwachia yeye pipa na kichanja, wala si dada zake mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, mwambie mwenyewe basi." Aliniangalia kama niliyemwambia avue nguo. Akatoka nje, na sekunde hiyo hiyo nikamsikia uwanjani: "We! Hizi kokoto umezitoa wapi, mbona kubwa hivi?"

Ilikuwa mchana wa kawaida tu. Wateja wake walikuwa wamejaa, kwa sababu shimo moja lilikuwa limetoa vizuri wiki ile. Mmoja wao, mtu mnene wa kwenye mashine ya kusaga mawe, hakupenda kunywa kwa mdomo wa chupa, akaja kuazima glasi kwangu. Alirudi, akamimina mpaka tone la mwisho, akainua glasi. Hakunywa. Aliishusha taratibu mezani, akaiinamisha upande, akaiinamisha upande wa pili.

"Mama," aliita, "hii ni zebaki."

Kule kwetu hata mtoto anaijua. Ndiyo inayokamata dhahabu kwenye mchanga uliosagwa, na kila mwenye karai la kuchenjulia ana yake, ameificha mahali. Kila mtu pale kibarazani aliinama akaona kile kidonge cheupe kinachong'aa kikizunguka chini ya glasi yangu. Hapakuwa na aliyehitaji kuelezwa. Chupa zote ziliwekwa chini kwa pamoja, na wawili watatu wakaenda pembeni kujitapisha.

Mama alitoka ndani. Alichukua glasi akafanya kile alichokijua: akabana tundu moja la pua, akavuta. Zebaki hainuki. Alivuta tena. Nilimwona usoni, na kwa mara ya kwanza uso ule ulibadilika, nikajua kwamba anaogopa. Watu walikuwa wakimtazama yeye.

"Ni huyu," alisema, akanyoosha mkono kwa mkamwana wake aliyekuwa amepiga magoti kwenye pipa. "Yeye ndiye anayeosha. Mimi nanusa tu."

Binti alisimama na chupa mkononi. "Mama, mimi zote naziangalia kwenye jua."

"Unanibishia mbele za watu?"

"Sibishi, mama. Naangalia zote."

"Hii uliangalia nini?"

Nilitoka mlangoni nikasema, "Mama, taratibu kwanza, tujue chupa ilitoka wapi." Akaniambia, "Mama Salma, haya si mambo ya wali." Binti alipiga magoti tena, akainamisha kichwa, akaanza kutikisa kokoto kwenye chupa aliyokuwa nayo. Sauti ile ya kayamba ndiyo iliyobaki uwanjani.

Hakuna aliyeugua. Yule mnene aliiona kabla haijamfika mdomoni, na aliisimulia kwa miezi, kila mara ikiongezeka. Lakini neno likishatoka kwenye kibaraza cha pombe halina wa kulishika. Kufikia jioni halikuwa tena suala la kuosha vibaya. Walisema binti anawatia watu zebaki. Walisema ametumwa. Katika nchi yetu mwanamke akianza kusemwa hivyo, mwenye akili hufunga mizigo. Wakampa na jina, Mama Zebaki, na watoto wakaliimba.

Mume wa binti alipanda kutoka duarani akayakuta. Asubuhi alimwamkia mama yake shikamoo kama kawaida, akafunga godoro kwenye pikipiki, akampakia mkewe na mtoto, wakaenda Ushetu. Mama alisimama mlangoni. Nilidhani atasema neno, kwa maana mdomo ulikuwa wazi. Pikipiki iliondoka, vumbi likatulia, na yeye bado yuko pale.

Baada ya hapo hakutia tena pombe kwenye chupa. Wateja walirudi kidogo kidogo, akawauzia kwa kata kama wapika pombe wengine, na hakuna tena aliyeweza kuitofautisha wanzuki yake na ya mwingine. Pua haikupumzika. Alinusa vikombe, ndoo, maji ya bomba, mikono yake. Usiponiamini shauri yako, lakini niliwahi kumkuta ananusa kichanja kitupu. Hakunieleza chochote nami sikumchokonoa, nikidhani ni uchungu wa kukimbiwa na mtoto. Mwishowe alifunga, akaenda Didia kwa mdogo wake wa kiume. Siku ya kuondoka aliniachia lile pipa. "Tilia maji," alisema, "sabuni usiitie." Nami sikukaa sana. Dhahabu ilikatika, watu wakahamia kwenye mlipuko mwingine, yaani mahali dhahabu ilipozuka upya, nikahamishia mgahawa Kahama, karibu na stendi.

Ni Kahama ndiko nilikokutana na mkamwana. Aliingia mgahawani na mzigo wa chupa tupu, akaomba chai, tukatazamana, tukashikana mikono muda mrefu. Anapika wanzuki mwenyewe sasa, kwa asali ya kwao, na chupa huja kuzinunua mjini. Alinenepa kidogo, anacheka vizuri. Lakini aliniambia kwamba hata Ushetu wachimbaji wanaopita humwita Mama Zebaki, na kuna wasionunua kwake kwa sababu ya jina hilo. Mumewe huongea na mama yake kwa simu. Simu haijawahi kufika mkononi mwa mkewe.

Nilipomwambia kwamba nakwenda Tinde kwenye ndoa ya mtoto wa kaka yangu, na kwamba Didia si mbali na pale, alimaliza chai yake, akabeba mzigo wake wa chupa. Safari iliyofuata aliniletea chupa moja iliyojaa, imezibwa kwa gunzi. "Mpelekee," alisema. "Usimwambie kitu." Basi mimi, mtoto wa Kiislamu wa Tinde, nilisafiri na chupa ya pombe imeviringishwa kwenye nguo za harusi, nikimwomba Mungu gari lisiruke tuta.

Nilimkuta nje, kwenye kigoda kile kile, anamenya karanga. Amekonda na magoti yamevimba, hatembei mbali. Wa nyumbani walikuwa shambani.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba, mayu," alijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ni wewe, Mama Salma? Bado unatia sabuni?"

"Bado natia, mama."

Tulicheka. Nilimpa habari za mjini, akanipa za magoti. Kisha nikaitoa chupa. "Imetoka Ushetu," nilisema, na kwa kuwa nilikatazwa kuongeza, sikuongeza.

Aliipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole gumba kwenye gunzi, akatazama lilivyochongwa. Nikawa nasubiri. Nilimjua mama yule: angebana pua hata kama chupa imeletwa na padri. Alilizungusha gunzi, likatoka na mlio mdogo, povu likapanda. Akaipeleka chupa moja kwa moja mdomoni, akanywa, akapumzika, akanywa tena. Yeye ambaye hakunywea chupa. Alikunywa yote, na machozi yakawa yanamshuka, hakuyafuta.

"Mama," nilisema, "hukunusa."

"Sikunusa."

Ndipo aliponiambia. Asubuhi ile ya zebaki chupa zilikuwa zimepungua, na binti alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Mama alikumbuka kwamba juu ya ukuta, pale mabati yanapokutana na miti, marehemu mumewe alikuwa akiweka chupa iliyofungwa kitambaa. Alipanda kwenye kigoda akaishusha. Hakuona kitu ndani, kwa maana ilikuwa ya kahawia na imejaa vumbi. Akainusa, haikunuka. Akaiosha yeye mwenyewe kwa haraka, akaiingiza kundini.

"Za wageni nilizikagua mpaka basi," alisema. "Hii ilikuwa ya nyumbani kwangu."

Alipoingia ndani jioni ile alikikuta kitambaa sakafuni, alipokiangusha, na kwenye mkunjo wake tone moja likiwa linang'aa. Alikaa nalo usiku kucha. Alitaka kusema asubuhi, mbele yao, kabla pikipiki haijawaka. "Yalikuwa hapa," alisema, akajigusa koo. "Nikawaona majilani wametoka kuangalia. Nikashindwa, mayu. Kumtukana nilikuweza mbele za watu. Hili sikuliweza."

Nilimwambia bado kuna nafasi. Ningemtafutia gari, twende kule machimboni, akae kibarazani aseme, hata kama ni kwa watu watano.

"Kuna nani kule?" aliniuliza. Nikajaribu kuwakumbuka. Yule mnene alikuwa amekwenda Chunya. Kijana wa kukojoa kwenye chupa aliangukiwa na kifusi. Wengine wamefuata milipuko mingine, na kila mmoja amekwenda na ile habari kama alivyoisikia siku ile.

Aliniomba nimpe mkono asimame. Alijikokota mpaka kwenye mtungi, akaiosha ile chupa polepole, kwa majivu na kokoto, akaigeuza kichwa chini kwenye kijiti, tukakaa tukingoja ikauke. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo aliijaza choroko, punje kwa punje kupitia shingoni, akaziba kwa gunzi lile lile.

"Mwambie ya kitambaa," alisema. "Mwambie yote. Na wewe una mgahawa, watu wanapita. Waambie." Nikawa nimeshafika njiani aliponiita. "Mwambie sikunusa."

Nilimwambia. Mkamwana alikuja siku yake ya kununua chupa kama kawaida, saa ya chakula, meza zote zimejaa. Nilimkalisha karibu na dirisha nikamsimulia kuanzia kitambaa mpaka choroko. Alisikiliza akiishika ile chupa mapajani.

"Kulikuwa na watu?" aliuliza.

Nilitamani kumdanganya. "Tulikuwa mimi na yeye."

"Mimi alinisema mbele za watu."

Hilo liliniuma kuliko yote. Nikainuka, nikapiga sahani kwa kijiko, nikaanza kuwaambia wateja kwamba wakimsikia mtu akisema habari za Mama Zebaki wajue ya kwamba… Watu waliinua vichwa kutoka kwenye ugali, wengine vijana wadogo kabisa, matonge mkononi. Akanivuta kanga. "Kaa, Mama Salma. Hawa hata hawanijui."

Nikakaa. Alifungua gunzi, akamimina choroko zote kwenye kitambaa chake, akaenda na chupa mpaka mlangoni kwenye jua. Akaiinua juu, akafumba jicho moja, akachungulia kupitia mdomoni mpaka chini. Alikaa hivyo kwa muda, watu wakimpita kuingia na kutoka.

"Safi," alisema, kwa sauti iliyofika meza zote. "Mama anajua kuosha."